Jina la Chui Ndani ya Yai

Hapo zamani za kale, na zamani yenyewe si ya mbali sana, maana watu walikuwa wameshajua kukata tiketi ili wakamtazame mnyama amelala, palikuwa na bustani ya wanyama nje kidogo ya mji. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole. Leo nasimulia habari za viumbe wadogo, na sauti zao ni ndogo.

Watu waliokuja kutembea walidhani wanyama wale wanakaa tu. Wanakaa! Kumbe mle ndani mlikuwa na mtaa kamili, una majirani na ugomvi wa majirani. Kila kukicha salamu zilivuka uzio mmoja hadi mwingine.

"Umeamkaje, Mama Kiboko?"

"Salama, mwenzangu, sijui wewe!"

Mnyama wa bustani hana shamba, hana safari, hana soko la kwenda. Akikosa salamu, amekosa kila kitu.

Sasa shikeni jambo moja, maana bila hilo hadithi hii haitembei. Katika bustani ile, mtoto akizaliwa akapewa jina lako, yeye ni somo yako na wewe ni somo yake. Utamletea zawadi. Utasimama upande wake akionewa. Na ole wako umuumize! Ukimuumiza somo yako, jina linakutoka. Hakuna atakayekuita tena, wala kukuamkia, wala kukuitikia.

Mvua za masika zilipoanza, Mama Kiboko alijifungua binti, akamwita Mwatima, jina la Bi Mwatima Twiga. Basi Twiga akaishusha shingo yake ndefu, akashusha, akashusha, mpaka puani mwa mtoto, akamwekea majani laini ya mkunazi.

"Chyaa!" mtoto akapiga chafya.

"Ananishukuru!" akasema Twiga, na siku nzima hakuzungumza jambo jingine.

Upande wa pili wa njia alikaa Nyani mmoja. Huyo alimzaba kofi somo yake, kitumbili kidogo cha juzi juzi, kwa sababu kilimpokonya ndizi. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita. Akisema "Jamani, hamjambo?", kimya. Akawa anajinyonyoa manyoya ya mkono kwa upweke. Mnaniuliza jina lake? Silijui. Nani wa kuniambia, nanyi mmesikia halitajwi?

Haya. Katika bustani hiyo alikaa Bi Kwale. Ndege mdogo, wa rangi ya udongo, miguu myekundu, mwendo wa haraka kama aliyeacha chungu jikoni. Ua wake ulipakana na kizimba cha Chui, na Chui huyo aliitwa Bwana Ngwali.

Kati yao palikuwa na uzio wa waya wenye matundu. Chui hakuweza kupitisha hata mkono. Lakini kifaranga wa kwale alipita katika tundu lile bila kuinamisha kichwa. Na vifaranga wa kwale hawatulii kiotani. Asubuhi yuko ndani ya yai, adhuhuri anakimbia. Akikimbia anafuata nini? Nzi! Na nzi wako wapi? Wako kwenye bakuli la nyama la Bwana Ngwali, vuuu, vuuu, vuuu.

Mwaka uliopita Bi Kwale aliangua. Jioni alikuwa mama wa watoto wengi. Kesho yake asubuhi hakuwa mama wa mtu.

Walishaji wa bustani waliona vinyoya vidogo chini, wakasema ni panya, wakatega mitego. Panya wasio na kosa wakanaswa. Bwana Ngwali akalamba mdomo na kulala chali. Na Bi Kwale alilia, watoto. Alilia mpaka sauti yake ikawa haitoki, na hata ilipokuwa haitoki aliendelea kulia. Kisha siku moja akanyamaza, akakung'uta mbawa, akasema neno moja tu:

"Basi."

Mwaka huu akataga tena, chini ya kichaka katikati ya ua. Bwana Ngwali akaja kwenye waya, mkia unacheza.

"Hodi, Bi Kwale! Naona umetaga."

"Nimetaga, Bwana Ngwali."

"Hongera! Wakianguliwa usiwazuie kuja kunisalimia. Mimi napenda sana watoto." Akacheka: hrr, hrr, hrr.

Nami nawaambia wazi kwamba Bi Kwale aliogopa, asije mmoja wenu akadhani shujaa ni yule asiyeogopa. Akaenda upande wa pili wa ua, anakopakana na Twiga.

"Shoga yangu," Twiga akamnong'oneza kutoka juu, "yaache mayai hayo yapoe. Ni afadhali yai lililopoa kuliko yale ya mwaka jana."

"Siyaachi."

"Basi yafiche."

"Yai nitalificha. Kifaranga mwenye miguu yake nitamficha wapi?"

"Sasa?"

"Sasa nakwenda kuongea naye."

"Na nani?"

"Na Chui."

Twiga akapaliwa na jani. "Kho! Kho! Kho!" Shingo yenye urefu ule, jani lilichukua muda kurudi.

Bi Kwale akaanza kazi. Kwanza akayaviringisha mayai yake kwa kifua, moja baada ya jingine, akayatoa chini ya kichaka. Akayapeleka wapi? Kwenye uzio wa Chui! Akachimba kiota pale pale, waya huu hapa, mayai haya hapa.

"Uwii!" akalia Mama Kiboko bwawani. "Huzuni imemharibia akili maskini!"

Bi Kwale akajipanga, akatuliza pumzi, akamwita jirani yake.

"Bwana Ngwali, shikamoo."

"Marahaba. Umenisogezea chakula mezani?"

"Nina swali. Katika umri wako wote, umewahi kupata somo?"

Mkia wa Chui ukasimama. "Nani kakuambia nataka somo?"

"Nauliza tu. Twiga anaye. Mama Kiboko anao wengi. Hata panya wa jikoni wana somo zao. Jina lako wewe, jina kubwa hivyo, likapite bila mtoto wa kulibeba?"

Bwana Ngwali akaukwaruza udongo kwa ukucha. Hakuna mama aliyewahi kumpa mtoto jina lake. Siku za kutoa majina alikuwa akijifanya amelala, na sikio moja limesimama. Lakini nani angejua? Alikuwa akikoroma kwa nguvu.

"Nataka kumpa mwanangu jina lako," akasema Bi Kwale.

Chui akataka kutabasamu, akajizuia. Msidhani alikuwa mjinga. Alikuwa na nguvu, na alikuwa na werevu wa kutosha kumwingiza mtu matatani.

"Unanifunga kamba, Bi Kwale. Utawapa wote jina langu, kisha mimi nile waya?"

"Basi weka sharti lako mwenyewe."

"Naliweka! Siku watakapoanguliwa, siku hiyo hiyo, si kesho yake, nitasimama hapa mbele ya bustani nzima nitamke jina langu. Mimi mwenyewe, kwa sauti yangu. Atakayeitika na kunijia ni somo yangu, sitamgusa maisha yangu yote. Asiyeitika ni kitoweo."

Moyoni alikuwa anajiviringisha kwa kicheko. Kifaranga wa siku moja anajua jina lake? Huyo hata hajui mkia wake uko upande gani! Tena sauti yangu mimi, wakubwa wanaikimbia, seuze hao. Wataona nimewaita kwa adabu, na hakuna aliyekuja. Nitakula wote na jina langu litabaki safi.

"Kubali au kataa," akasema.

Bi Kwale akayatazama mayai yake. "Nakubali. Apa kwa jina lako, na Bi Mwatima Twiga awe shahidi."

"Naapa kwa jina langu!" Chui akanguruma.

Chui alipokwenda kulala, Twiga akamkaripia shoga yake machozi yakimdondoka, na machozi ya twiga yanaanguka kutoka mbali. Pa! Pa! "Umewauza! Mtoto mchanga ataitika vipi?"

"Shoga yangu," akasema Bi Kwale, "unaweza kuwa kiziwi?"

"Kiziwi?"

"Kila asubuhi, mpaka nitakapoangua."

Twiga akamtazama. Akatazama mayai. Akatazama waya. Kisha masikio yake yote mawili yakalala polepole, akasema, "Aaa!"

Kesho yake, jua halijakausha umande, Twiga akainyoosha shingo juu ya ua wa Bi Kwale mpaka kwenye kizimba cha Chui.

"Bwana Ngwali, samahani. Mimi ni shahidi wa kiapo, na shahidi lazima alisikie jina. Jana uliapa kwa jina gani vile?"

"Ngwali."

"Eti?"

"Ngwali!"

"Upepo, bwana. Huku juu kuna upepo. Au siku hizi sauti yako imefifia? Maana hata huko getini wanasema hawakusikii."

"NI NANI HUYO ASEMAYE HANISIKII? NGWALIIII!"

Ardhi ikatikisika. Kunguru wakaruka, kraa, kraa. Na kiotani, mayai yakagongana taratibu, ko, ko.

Hapo hapo Bi Kwale akashuka. Alikuwa amejiinua kidogo ili mayai yasikie vizuri, na ngurumo ilipotua naye akatua, akayafunika kwa kifua chote, yakapata joto. Akayasemesha chini chini: "Kwe-kwe-kwe. Naam. Semeni naam. Kwe-kwe-kwe. Naam."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Twiga hasikii. Chui ananguruma. Bi Kwale anatua. Ngurumo ilipokuja, joto lilikuja nayo.

"Shoga," akasema Mama Kiboko siku moja, "mayai hayana masikio."

"Yai halina," akajibu Bi Kwale. "Aliyemo ndani anayo."

Na haikuwa rahisi, msidanganyike. Ilikuja mvua ya upepo, maji yakaingia kiotani, naye akakaa mgongo umelowa, mbawa amezitandaza. Asubuhi ile Bwana Ngwali alikataa kutoka.

"Leo hapana. Kuna mvua."

"Sawa, bwana," akasema Bi Kwale, anatetemeka kwa baridi. "Hata mimi nilidhani jina kubwa haliogopi matone. Kumbe kila mtu na mipaka yake."

Kutoka ndani kabisa: "NGWALIIII!"

Siku nyingine mlishaji wa bustani akaona kiota kiko mahali pabaya. Akanyoosha mkono ayachukue mayai, ayapeleke kwenye mashine ya kutotolea. Bi Kwale akamdonoa kidole. Nchwa! Mlishaji akanyoosha tena. Nchwa! Akaenda zake anafyonza kidole.

"Mashine ingewalea salama," Twiga akasema.

"Mashine ina joto, haina jina. Na wakikua wangerudishwa hapa hapa, waende kwenye bakuli lile lile. Siwaachi."

Mwishowe Chui akalizoea jambo lile, akalipenda. Hakungoja tena kuulizwa. Alfajiri alikuja mwenyewe kwenye waya, akakohoa, akalitangaza jina lake kwa madaha, kisha akawa anatazama huku na huku kama kuna aliyelisifu. Twiga alibaki na kazi ya kusema "Eti?" mara moja moja ili asimwache mpweke.

Siku ikafika. Tik. Tik. Tik-tik-tik. Kra!

Ganda la kwanza likapasuka, akatoka kifaranga amelowa, mwembamba, ana michirizi mgongoni, anashangaa. Akafuata mwingine. Na mwingine. Mpaka adhuhuri walikuwa wamekauka, wamekuwa mipira ya manyoya inayotembea, pi-pi-pi, pi-pi-pi.

Lakini sikilizeni balaa. Siku hiyo ilikuwa siku ya kufunga. Katika bustani ile wanyama wala nyama hawakupewa chakula siku moja kwa juma, ili matumbo yapumzike. Bwana Ngwali hakuwa na kitu tumboni, na bakulini mlikuwa na mfupa wa jana na nzi wake.

Akatoka. Bustani nzima ikaja kwenye nyuzio. Mama Kiboko alimbeba mwanawe mgongoni aone. Nyani asiyeitwa alipanda juu ya tairi lake. Twiga akasimama kama mlingoti, maana yeye ndiye shahidi.

"Bi Kwale," akasema Chui, mate yanamdondoka, "sogea pembeni. Usiwasukume, usiwasemeshe. Naita mimi."

Bi Kwale akasogea. Hiyo ndiyo hatua ngumu kuliko zote alizopiga maishani mwake, na alipiga tatu, akasimama kimya.

Chui akavuta pumzi. Tumbo likaingia ndani, kifua kikajaa.

"NGWALIIIIII!"

Vifaranga wakaganda. Hakuna pi. Hakuna aliyetikisika.

Chui akatabasamu, meno yote nje. "Mmeona wenyewe. Nimeita kwa..."

"Pi!"

Kifaranga mmoja alikuwa ameinua kichwa. Sauti ile! Aliijua sauti ile! Ndiyo sauti iliyokuwa ikija kila asubuhi gizani, na kila ikija, joto linakuja. Wengine huisikia wakakimbia. Yeye aliisikia akakimbia kuifuata.

"Naam!" akapiga kelele, akapenya kwenye waya.

"Naam! Naam! Naam!" Wote wakamfuata! Puru-puru-puru, wakapita katika matundu, wakakatiza mchangani, wakaingia chini ya kifua cha Chui, wakasukumana humo manyoyani wakitafuta joto lao. "Naam, somo! Naam! Naam!"

Bwana Ngwali akasimama kwa ncha za vidole. Akainua mguu mmoja, hakuona pa kuuweka. Akainua mwingine, akaurudisha haraka.

"Bi Kwale! Wao... waambie... hii, hii, hii! Wananitekenya! Bi Kwale, nitamkanyaga mmoja!"

"Usimkanyage, bwana," akasema Twiga kutoka juu. "Ni somo yako. Nimesikia vizuri sana."

"Wewe si kiziwi wewe!"

"Leo nimepona."

Bustani ikaangua kicheko. Mama Kiboko alicheka mpaka bwawa likafurika.

"Nani kawafundisha hawa jina langu?" Chui akauliza, mguu mmoja bado hewani.

"Nani?" akajibu Bi Kwale. "Mimi mdomo wangu mdogo. Kila asubuhi, mvua na jua, ni nani aliyesimama hapa akawasomesha kwa sauti?"

Chui akatazama kiota kilivyo karibu na waya, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwa nini kilikuwa pale.

Ndipo macho yake yakaona kitu. Kule kiotani, kati ya maganda matupu, lilibaki yai moja zima.

"Na lile?" akasema taratibu.

Kicheko kikakatika.

"Lile halikuitika. Sharti ni sharti, nilisema asiyeitika."

"Hajaanguliwa bado!" akapinga Twiga.

"Tulisema siku watakapoanguliwa. Siku ndiyo hii. Apasuke sasa au jioni, hakuitika, atapita kwenye waya kama wenzake, naye ni wangu. Njaa inaniuma, Bi Mwatima. Kimoja tu si kingi."

Bi Kwale akalitazama lile yai. Ndilo lililolowa zaidi siku ya mvua, lilikuwa ukingoni mwa kiota, na ubawa wake haukulifikia vizuri. Je, lilisikia? Hakujua. Mama hawezi kujua kila kitu. Lakini alijua kwamba hakufika hapa ili arudi nyuma kwa ajili ya mmoja.

"Liite," akasema.

"Ni yai!"

"Liite, Bwana Ngwali. Kama ulivyowaita wenzake. Lisipoitika, nitanyamaza."

Chui akavuta pumzi ili angurume. Akaisikia mipira midogo inahema chini ya kifua chake. Mmoja alikuwa ameshalala. Akaona akinguruma atawashtua. Basi akaishusha sauti, sauti ambayo hata yeye hakujua anayo.

"Ngwali," akaita.

Kimya.

Akainamisha kichwa mpaka pua ikagusa waya. "Ngwali?"

Mimi sijui kama wakati ule alikuwa anaita kitoweo au anamwita mtoto. Nadhani hata yeye hakujua. Upepo ulisimama. Hata nzi, nadhani, walisimama.

Tik.

Ganda likapata ufa, mwembamba kama uzi. Na ndani ya ufa ule, kabla mdomo haujaonekana, kabla jicho halijaona jua wala mama wala chui, ikatoka sauti ndogo, imechoka, lakini haina shaka:

"Naam!"

Hoi hoi! Lo, ungekuwapo! Kunguru walipiga kelele, Kiboko alipiga mbizi, Nyani asiyeitwa alipiga makofi peke yake juu ya tairi. Twiga akapiga vigelegele, na hapo ndipo watu walipojua kwamba twiga ana sauti kubwa, ila huiweka akiba. Na Bi Kwale akaketi chini.

Bwana Ngwali akaukodolea macho ule ufa.

"Hajaliona jua," akasema. "Ananijua mimi kabla ya jua."

"Anakujua," akasema Bi Kwale. "Na somo hamwendei mwenzake mikono mitupu. Zawadi yao iko wapi?"

"Leo nimefunga. Sina kitu."

"Una nzi."

Chui akageuka akalitazama bakuli lake. Akajua. Akasogea upande, akaketi mbali nalo, masharubu yameinama. Vifaranga wakatoka chini ya kifua chake wakaenda kwenye bakuli, na nzi walipopaa, vuuu, wakawarukia, tap! tap! tap! Bi Kwale alifumba macho asione mahali pale. Kisha akayafumbua, akaangalia mpaka mwisho, kwa sababu mwaka huu walikuwa wanakula wao.

"Bwana Ngwali," akasema kupitia kwenye waya. "Wale wa mwaka jana sijakusamehe."

"Najua."

"Wala sitakusamehe."

"Najua, Bi Kwale."

"Lakini hawa watakuamkia kila asubuhi, kwa jina lako. Na wewe utaitika."

Chui akalaza kichwa juu ya miguu yake. "Nitaitika," akasema.

Kesho yake watu walikuja kutembea wakamkuta chui amelala, na vifaranga wa kwale wanapanda na kushuka mgongoni mwake kama watoto kwenye lundo la mchanga. Walishaji wakaogopa. Wakasema chui ni mgonjwa, wakamwita daktari wa wanyama. Daktari akampima joto, akamtazama ulimi, akakuna kichwa, akaandika dawa ya minyoo. Bwana Ngwali akaimeza bila ugomvi. Angewaeleza nini?

Na wewe mwenye muwa, umeacha kutafuna tangu saa ngapi? Haya, chukueni neno lenu mwende mkalale nalo: asiye na makucha na awe na shauri, tena awe nalo kabla yai halijapasuka.